Mifereji Yetu na Amana ya Ziwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia mvua ikawa twahara na uhai kwa viumbe vyake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema.

Amma baad. 

Wakubwa wa jumuiya wamenitaka niseme maneno machache katika siku hii ya furaha, na maneno hayo yapigwe chapa katika kitabu cha ukumbusho. Ni desturi siku kama hii kuwasifu waliotutangulia, nao wanastahili kusifiwa; kwani walijenga misikiti, wakafungua madrasa, wakazika maiti wetu na kuwalea mayatima. Lakini nimeona kwamba sifa iliyo bora ni kuzihifadhi amana walizotuachia. Na katika amana hizo iko moja ambayo hatuitaji sana juu ya mimbari, nayo ni maji. Basi leo nataka kusema juu ya mfereji upitao mbele ya mlango wa kila mmoja wetu, na mahali unapokwenda.

Mji wetu umekaa baina ya vilima na ziwa. Mto Ntahangwa hushuka kutoka vilimani ukapita kando ya mtaa wetu huu wa Buyenzi. Kusini iko mito ya Muha na Kanyosha; kaskazini uko Mutimbuzi; na upande wa machweo uko mto mkubwa Rusizi, utokao Ziwa Kivu. Mito hii ina njia mbalimbali, lakini mwisho wake ni mmoja, nao ni Ziwa Tanganyika.

Watu wengi hudhani kwamba maji ya mfereji huenda mahali fulani yakasafishwa. Sivyo. Ni kweli kwamba kiko kituo cha kusafishia maji machafu huko Buterere, lakini kituo hicho hupokea maji ya sehemu ya mji tu, na mfereji wa mvua haukuchimbwa kuelekea huko. Maji ya mvua hushuka katika mabati, hupita uani, hupita barabarani, huingia mferejini. Kutoka mferejini huingia mtoni, na kutoka mtoni huingia ziwani kama yalivyo. Lolote yalilolikuta njiani wameingia nalo.

Tangu Juni hadi Agosti mvua hutukatikia. Katika miezi hiyo uchafu hulundikana: vumbi la barabarani, mafuta yaliyodondoka katika motokaa, maganda, mavi ya wanyama, mifuko na chupa za plastiki. Kisha mvua za kwanza huja mnamo Septemba, na katika muda wa saa chache hufagia uchafu wa miezi mitatu na kuutia ziwani kwa pigo moja. Ndiyo maana maji ya mvua za mwanzo huwa machafu kuliko ya mvua zinazofuata. Basi mwenye kuufagia ua wake na mfereji wake mwezi wa Agosti amefanya kazi kubwa kuliko mwenye kufagia mwezi wa Novemba, maana huyu wa pili amekuta taka zimekwisha kusafiri.

Na ziwa hilo, ndugu zangu, ndilo kisima chetu. REGIDESO huchota huko sehemu kubwa ya maji ya mji huu. Maji hayo ndiyo tunayonywa, ndiyo tunayopikia, ndiyo tunayotawadhia kwa sala tano, na ndiyo tunayooshea maiti wetu. REGIDESO huyasafisha kabla ya kuyapeleka mabombani, lakini kila uchafu unaozidi huzidisha taabu na gharama ya kuyasafisha. Tena wako wenzetu waishio ufukoni wasio na bomba, nao huchota kwa ndoo na kunywa. Mwaka 2019 kipindupindu kiliingia katika nchi yetu, na Januari 2023 serikali ilitangaza tena kwamba kimeingia, na mji wetu haukusalimika. Maradhi hayo hutembea kwa njia ya mavi ya binadamu yaingiapo katika maji ya kunywa. Hayaji kwa upepo.

Hapo atasimama mtu na kusema: Ewe sheikh, ziwa ni kubwa mno, nao uchafu wa mfereji wangu ni kama tone baharini. Maneno haya husemwa kila siku, na yanafaa kujibiwa.

Ni kweli ziwa ni kubwa. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Hakuna ziwa duniani lililozidi kina hicho ila Baikal lililoko Urusi. Lakini sehemu yenye hewa ya kuwatosha samaki ni ya juu tu, kiasi cha mita 100 hadi 200, na huku kwetu kaskazini ni kidogo kuliko kusini. Maji ya chini yake hayana hewa, na samaki hawakai. Kwa hiyo ziwa ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo wakazi wake wote wanaishi katika ghorofa ya juu peke yake. Nasi taka zetu twazimwaga katika ghorofa hiyo hiyo, tena ukingoni, ambako samaki wengi hutaga na kula. Katika ziwa hili mna aina zaidi ya 200 za samaki, na nyingi kati ya hizo Mwenyezi Mungu hakuziumba mahali pengine popote. Wataalamu walioandika mwaka 1993 walieleza kwamba mahali ambapo tope la vilima vilivyokatwa miti limefunika mawe ya ukingoni, aina za viumbe zimepungua. Na riziki ya ndagala na mukeke, ambayo masikini na tajiri huila, imo katika maji hayo hayo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na napenda mlizingatie. Maji ya ziwa letu hayatoki upesi. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, ulio upande wa Kongo. Na maji mengi hayatoki kwa mlango huo bali hupaa kwa jua yakawa mvuke. Nanyi mnajua, enyi mama zetu mnaochemsha maji, kwamba mvuke hupaa msafi, na takataka hubaki chini ya sufuria. Hivyo ndivyo lilivyo ziwa. Maji hupaa, uchafu hubaki. Wenye elimu ya mambo haya wanahesabu kwamba maji yaliyomo hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika.

Nitatoa mfano wa mbali ili hoja ipate kuwa wazi. Huko Marekani, katika mji wa Seattle, liko ziwa liitwalo Washington. Miji iliyolizunguka ilikuwa ikimimina humo maji yake machafu, hata ziwa likabadilika rangi na kutoa harufu. Mwaka 1958 wenyeji wakapiga kura ya kulitengeneza, na baina ya 1963 na 1968 wakayageuzia maji hayo njia nyingine. Baada ya miaka michache ziwa likatakata. Lakini Ziwa Washington lina kina cha mita 65 tu, na maji yake hubadilika kila baada ya miaka miwili au mitatu. Wale waliharibu, kisha wakatubia, na ziwa likawasamehe. Letu halina tabia hiyo. Tukilichafua leo, si sisi wala wajukuu wetu tutakaoliona limetakata. Basi kwetu sisi dawa ni moja tu, nayo ni kuzuia uchafu usiingie.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo baadhi ya wanafunzi wa dini huitumia, na mimi nimeisikia mara nyingi. Husema: Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi maji yakifika kulateni, yaani kiasi cha lita 200, hayanajisiki ila yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Na ikiwa lita 200 hazinajisiki, seuze ziwa zima? Basi kuna ubaya gani?

Jawabu ni hili. Hukumu hiyo ni ya kweli, lakini imewekwa ili kumjulisha mtu kama udhu wake umesihi. Haikuwekwa ili kumpa ruhusa ya kuyachafua maji. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama kisha aje aoge humo. Tena ametuonya tujihadhari na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji watu wanapoyaendea, na katika njia, na katika kivuli. Hakusema kwamba makatazo haya ni kwa maji machache tu, na wanavyuoni wamelichukia jambo hilo hata katika maji mengi.

Tena, ndugu zangu, si kila kinachodhuru ni najisi. Oili ya motokaa si najisi kama damu au mkojo, lakini ni sumu. Idara ya serikali ya Marekani yenye kulinda mazingira imewaeleza watu wake kwamba oili itolewayo katika motokaa moja inapobadilishwa yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Mlango wa najisi ni mmoja katika fikihi, na mlango wa madhara ni mwingine. Na Mtume ametufundisha kwamba hapana kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Mtu aweza kuwa na udhu sahihi, akasimama safu ya kwanza, na ilhali oili aliyoimwaga jana ingali juu ya maji ambayo jirani yake atayanywa.

Na kama mtu bado ana shaka, na aende mahali mfereji unapoingia mtoni baada ya mvua ya kwanza. Atazame rangi, avute harufu. Kisha ajiulize kwa fikihi yake mwenyewe kama angekubali kutawadha pale.

Nimetaja oili, na najua kwamba katika mtaa wetu huu wako mafundi wengi wa motokaa. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Kazi yao ni ya halali, na kwayo watoto wetu wengi wamesomeshwa na nyumba nyingi zimejengwa. Fundi aweza kuniambia: Sheikh, pipa ni gharama, nami nikiweka pipa na mwenzangu wa ng'ambo ya barabara akamwaga mferejini, yeye atakuwa na faida na mimi nitakuwa na hasara. Neno hili lina haki, na si insafu kulijibu kwa mawaidha matupu. Ndiyo sababu nasema kwamba jambo hili si la mtu mmoja. Ni la jumuiya.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wa chini wakawa wanapita kwa wa juu ili kuteka maji, wakaona ni heri watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Akasema kwamba wale wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Na wakiwashika mikono, wataokoka wote. Mji wetu ndio jahazi hilo. Walio vilimani wakilima bila makinga maji na kukata miti, tope lao hutushukia sisi. Sisi tukiziba mifereji, maji huwaingilia walio chini yetu majumbani mwao. Na sote kwa pamoja tukilichafua ziwa, tumewachafulia jamaa zetu wa Uvira, na Rumonge, na Kigoma na Ujiji, hata walio Mpulungu nchini Zambia. Nchi hizi nne zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003 huko Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mji uliopewa heshima ya kuweka makao hayo ndio unaotangulia katika kulichafua.

Wala si ziwa peke yake linaloumia. Mfereji uliojaa takataka haupitishi maji, na maji yasiyopata njia hujifanyia njia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha katika mitaa ya kaskazini ya mji, Kamenge na Kinama na jirani zake, mafuriko yakabomoa nyumba na watu zaidi ya 60 wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, na kadari ni yake Mola. Lakini mja ameamrishwa kumfunga ngamia wake kisha ategemee. Na maji yanayobaki yametuama katika madimbwi baada ya mafuriko huzaa mbu, na mbu huleta homa kwa watoto.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo matano, na yote tunayaweza.

La kwanza: kila nyumba ifagie mfereji ulio mbele yake kabla ya mvua za Septemba, na tena kabla ya mvua za Februari, na taka zilizotolewa zisiachwe ukingoni, kwani mvua itazirudisha. Kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani, kama alivyotufundisha Mtume wetu. Kazi za umma za Jumamosi asubuhi ziko tayari. Tuzitumie kwa jambo hili.

La pili: tuache mifuko ya plastiki. Amri ya kuizuia ilitiwa sahihi mwaka 2018, ikapewa muda wa miezi 18 kabla ya kuanza kufuatwa. Mama aendaye sokoni na kikapu chake ametii sheria na amelihifadhi ziwa kwa mara moja.

La tatu: tusifungulie shimo la choo wakati wa mvua. Inajulikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki kwamba wako watu wanaongoja mvua kubwa ili wamimine vinyesi mferejini, wapate kuepuka gharama ya kuvutisha. Mwenye kufanya hivi amewapelekea jirani zake kipindupindu mlangoni, na siku ya Kiyama atadaiwa.

La nne linatuhusu sisi Waislamu hasa, nalo ni siku ya Idd el-Hajj. Kuchinja ni ibada, lakini damu inayochuruzika ni najisi, na matumbo na mavi yake ni uchafu. Haifai ibada ianze kwa takbira na imalizikie kwa kuchafua mfereji. Damu ikingwe au ichimbiwe shimo, na kilichobaki kizikwe. Ambaye kiwanja chake ni kidogo na ashirikiane na jirani zake, wachinjie mahali pamoja palipotengenezwa.

La tano ni la mafundi, na hapa naiomba jumuiya itoe mkono wake. Oili chafu iwekwe katika pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu, mahali pasipofikiwa na mvua. Pipa likijaa, lipewe au liuzwe kwa wanaolihitaji, kama wale wapakao mbao ili zisiliwe na mchwa. Na kwa kuwa fundi mmoja mmoja anaona uzito, napendekeza tununue mapipa kwa fedha za sadaka, pipa moja kwa kila barabara ya mtaa, na wazee wa barabara hiyo wawe walinzi wake. Sisi tumezoea kuweka wakfu misahafu, na mikeka, na majeneza. Basi na tuweke wakfu mapipa pia. Kila siku ambayo oili itakaa ndani ya pipa badala ya kuingia mtoni, itakuwa sadaka yenye kuendelea kwa aliyelitoa, hata akiwa kaburini. Na pipa likiwa la wote, yule fundi wa ng'ambo ya barabara hatakuwa na udhuru tena.

Nawaomba waalimu wa madrasa wamfundishe kila mtoto, pamoja na faradhi za udhu, mahali maji ya udhu yanapotoka na mahali yanapokwenda. Nawaomba maimamu walitaje jambo hili katika hotuba za Ijumaa za mwezi wa Agosti, wakati mifereji ingali mikavu. Na ninyi wazee wa jumuiya, nawaomba msiyaache maneno haya yakae kitabuni tu. Kamati na ikutane juu ya mapipa kabla ya mvua, na hesabu yake isomwe mbele yetu mwakani, kama zinavyosomwa hesabu nyingine.

Mwenyezi Mungu ametuuliza katika Kitabu chake: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea mengine? Sisi maji yetu hayajadididimia. Yapo, ni mengi, na tunayaona kila tukitazama magharibi. Namwomba Mola asituhesabu katika wale walioharibu neema kwa mikono yao ilhali wanaitazama. Ayatakase maji yetu na nyoyo zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na aijaalie jumuiya yetu umoja na kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.